Barua ya wazi kwa wakuu wa reli na wakuu wa ugavi jeshini: jeshi lisiitangulie treni

Waheshimiwa mawaziri wa uchukuzi wa nchi za Afrika Mashariki, wakurugenzi wa mashirika yetu ya reli, na makamanda wenye dhamana ya ugavi katika majeshi yetu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeifanyia kazi stesheni ya mizigo, na jambo linalonifanya niandike ni moja. Reli ikisimamiwa vibaya wakati wa vita, mzigo haubaki stesheni. Unahamia mabegani mwa watu. Hapa kwetu ulihamia mabegani mwa watu kati ya 1914 na 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa kwa makumi ya maelfu. Leo tunajenga reli mpya kwa mikopo mikubwa, hotuba za uzinduzi tunazisikia, lakini swali lililowamaliza wale watu sijasikia likiulizwa hadharani: jeshi likiamriwa kusonga mbele, ni nani mwenye mamlaka ya kusema treni haiwezi kulifuata, na akisema, atasikilizwa?

Naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, maana mambo haya yalitokea kwenye njia zilezile mnazozisimamia.

Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India. Wajerumani pale mjini walikuwa wachache sana. Lakini kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alikuwa na reli ya Usambara, Tanga hadi Moshi, na safari ile aliitumia inavyotakiwa: askari walipandishwa kwenye mabehewa upande wa Moshi wakateremshwa Tanga wakati Waingereza bado wanahangaika ufukweni. Askari wake kama 1,000 waliwarudisha melini watu wale wote, wakaacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na risasi laki sita. Ilitosha reli moja ya geji (yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya mita moja, yenye injini chache, chini ya amri moja.

Waingereza nao walijifunza, angalau mwanzoni. Mapema 1915 walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, ili jeshi litakaloshambulia Kilimanjaro lifuatwe na chakula na risasi. Kampuni za reli za jeshi la India zilitandika mataruma katika nyika isiyo na maji hadi Maktau. Injini ya mvuke inataka maji, nyumbu wanataka maji, vibarua wanataka maji, ikabidi maji yavutwe kwa bomba kutoka milima ya Bura. Huku nyuma, doria za Wajerumani zilikuwa zinavuka mpaka usiku na kutega baruti kwenye reli ya Uganda kati ya Mombasa na Nairobi, mpaka madereva wakawa wanatanguliza mabehewa matupu mbele ya injini ili mtego ukilipuka ulipukie huko. Kazi ilikwenda polepole, ilichosha, lakini ilikwenda kwa mpango, na Machi 1916 Taveta na Moshi zilipotekwa, treni haikuwa mbali na askari.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jenerali Smuts, aliyekuwa amekabidhiwa jeshi la Waingereza Februari mwaka ule, hakutaka kusubiri. Mwanzoni mwa Aprili, masika yakiwa yanaanza, alimtuma jenerali wake, van Deventer, kutoka Arusha kwenda Kondoa Irangi. Wakafika tarehe 19 Aprili. Nyuma yao zilikuwa zaidi ya kilomita 200 za udongo mweusi usiopitika kwa gari wala kwa mkokoteni, na reli ya Voi ndiyo kwanza ilikuwa inasogezwa kuelekea Kahe, karibu na Moshi. Farasi walikufa kwa mbung'o na uchovu. Askari waliishi kwa nusu posho na kwa walichokitoa kwa wenyeji. Chakula kilichofika kutoka nyuma kilifika vichwani mwa wapagazi waliovuka mafuriko.

Kosa hilohilo likarudiwa upande wa mashariki. Mwishoni mwa Mei jeshi kubwa liliteremka kando ya mto Pangani, likafika Korogwe katikati ya Juni, likakata kusini kwenda Handeni. Reli ya Tanga ilikuwa imeharibiwa na Wajerumani waliokuwa wanarudi nyuma, na bandari yenyewe ya Tanga haikushikwa hadi Julai. Kwenda Handeni kulikuwa na kijireli chembamba tu kutoka Mombo, cha vitoroli vya kusukumwa kwa mikono. Jeshi zima likajitegemeza hapo, na lilipofika mto Msiha likakwama kwa wiki kadhaa, wagonjwa wakiwa wengi kuliko wazima. Mimi nasema hivi, na najua wapo wataalamu wa vita watakaobisha: kama jeshi lingetulia Korogwe mpaka Tanga ifunguliwe na njia itengenezwe, lingefika Reli ya Kati likiwa jeshi. Liliendelea, na lilipofika lilikuwa msururu wa wagonjwa. Bataliani ya 9 ya askari wa miguu wa Afrika Kusini ilianza Februari na watu 1,135. Oktoba wazima walikuwa 116, na vita vyenyewe havikuwa vimewagusa sana.

Dodoma ilichukuliwa mwisho wa Julai, Morogoro tarehe 26 Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Reli ya Kati, iliyokuwa imefika Kigoma miaka miwili tu kabla yake, sasa ilikuwa mikononi mwao. Lakini madaraja yalikuwa yamelipuliwa, na injini nzima hazikuwepo. Ikabidi malori yafungwe magurudumu ya reli yavute mabehewa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa chumba cha kupanga treni anajua jibu hapo: simama, tengeneza madaraja, jaza stoo, kisha ndiyo uulize habari za kwenda mbele. Amri iliyotoka ilikuwa ya kuendelea kusini, Kisaki, halafu Rufiji, kwenye mabonde ambako hata mkokoteni hauendi.

Sasa naomba tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii karani yeyote wa mizigo angeifanya kabla amri haijasainiwa. Chukua mpagazi mmoja. Mzigo wake ni kilo 25 hivi, ukiacha blanketi lake. Akilishwa ipasavyo, anakula kama kilo moja ya unga kwa siku. Reli ikiishia mwendo wa siku kumi nyuma ya askari, anakwenda siku kumi na kurudi siku kumi, na kilo 20 zimeishia tumboni mwake. Askari aliyeko mbele anapokea kilo tano. Isogeze mbele kambi ya askari iwe mwendo wa siku 13, na mpagazi hafikishi hata kibaba kimoja, mzigo wote haumtoshi hata yeye mwenyewe kwenda na kurudi. Mkubwa aliyekwisha kufika huko anabaki na njia mbili tu: kuongeza wapagazi, au kuwapunguzia chakula. Katika vita vile yalifanywa yote mawili.

Machi 1917 serikali ya Kenya ya wakati ule ilianza kamatakamata ya wanaume nchi nzima, chini ya ofisa wake John Ainsworth. Upande wa Tanganyika nako vijiji vilikombwa. Watu waliozoea mtama, wimbi na ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusunusu kwa sababu hapakuwa na kuni kavu wala muda, na wakafa kwa kuhara damu kandokando ya njia. Upande wa Waingereza peke yake walipita wapagazi zaidi ya milioni moja, na idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 95,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa kabisa. Wakati huo Smuts alikuwa ameshaondoka, Januari 1917, akiwaaminisha wakubwa London kwamba kazi imekwisha. Aliyemrithi, Jenerali Hoskins, alikuta askari wa Nigeria wanachimba mizizi Rufiji kwa njaa. Akaanza kuomba malori, wapagazi na muda wa kujipanga upya, na baada ya miezi michache akaondolewa. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Dodoma hawahitaji kufundishwa na mimi. Njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917, ilikuja baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa 30,000. Reli ya Kati inapita katikati ya Ugogo. Treni zilikuwa zinapita, chakula kilikuwa kinapita, na watu walikuwa wanakufa mwendo mfupi tu kutoka relini, kwa sababu kwenye ratiba ya wakubwa wale hapakuwa na behewa la raia.

Waheshimiwa, mtu anaweza kusema yale yalikuwa ya wakoloni, nchi ilikuwa mapori, hakuna ambacho kingefanyika. Siyakubali maneno hayo. Miaka zaidi ya hamsini kabla ya Rufiji, Wamarekani walikuwa wamekwisha kuumia kwa makosa ya reli na kupata dawa yake.

Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, upande wa Kusini ulikuwa na reli za kutosha kulisha majeshi yake, lakini kila kampuni ilishika lake. Zilikuwa na geji tofauti, na vita vilipoanza reli zilizoingia Richmond, mji mkuu wao, hazikuwa zimeunganishwa hata ndani ya mji, shehena ikawa inashushwa na kuvushwa mitaani kwa mikokoteni. Serikali yao iliogopa kuwagusa wenye kampuni. Mahindi yalioza stesheni za mbali huku askari wa Jenerali Lee, kamanda wa Kusini, wakilala njaa.

Upande wa Kaskazini nao ulianza vibaya, ila wao walimpata mhandisi aitwaye Herman Haupt. Mwaka 1862 alikuta maofisa wanazuia treni ili wapandishe vikosi vyao kwanza, na mabehewa yamegeuzwa stoo kwa sababu hakuna aliyetaka kushusha mzigo. Agosti mwaka huo, wakati mapigano makali yanaendelea karibu na mto Bull Run, Jenerali Sturgis aliteka njia nzima kwa ajili ya watu wake na treni zote zikasimama. Haupt hakukubali. Alipeleka simu ya maandishi kwa wakubwa, na likaja agizo kwamba hakuna ofisa yeyote mwenye ruhusa ya kuingilia treni. Kanuni zake zilikuwa chache na zinaeleweka na kila mtu wa stesheni: usipeleke mbele kisichohitajika leo, behewa likifika lishushwe mara moja lirudi, chakula kipite kwanza, na anayeamuru mwendo wa treni ni mtu mmoja.

Mwaka uliofuata, jeshi la Kaskazini lilipokuwa linapigana Gettysburg, njia pekee ya karibu ilikuwa reli moja ya kwenda Westminster, isiyo na sehemu za kupishana, isiyo na simu ya maandishi, isiyo na matangi ya maji. Kwa kawaida ilipitisha treni tatu au nne kwa siku. Haupt alizipeleka treni tano kwa mkupuo, zikashushwa zote, zikarudi zote tano, ndipo zikaingia nyingine tano, kila baada ya saa nane. Injini zilijazwa maji kwa ndoo kutoka vijitoni. Treni 15 kwa siku kila upande, zikienda na chakula na kurudi na majeruhi. Hakujenga kitu kikubwa. Alipewa mamlaka, akapanga.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu ninayajua kwa macho yangu. Katika kazi yangu niliwahi kuona mabehewa ya mahindi yamewekwa pembeni wiki hadi wiki, kwa kuwa ghala la mwenye mzigo lilikuwa limejaa na yeye ni mtu mkubwa, hakuna wa kumgusa. Mvua ikapenya kwenye paa la behewa moja. Tulipofungua mlango mvuke ulitupiga usoni, punje zimeota, makuli wakakataa kuingia. Wiki hiyohiyo wilaya ya jirani ilikuwa inaomba mahindi. Hiyo ilikuwa wakati wa amani, simu zote zinafanya kazi.

Ndiyo maana nawaomba, kabla ya jambo lingine lolote, tuwe na utaratibu ulioandikwa na kusainiwa wa nani anaamuru treni siku nchi inapoingia katika vita au maafa. Awe mtu wa reli, mwenye nguvu ya kumkatalia ofisa wa cheo chochote anayetaka kuteka injini au kugeuza mabehewa stoo yake, na kamanda wa jeshi awajibike kumsikiliza kabla ya kutoa amri ya kusonga mbele. Mkiusubiri mpaka siku yenyewe, mtakuwa mmechelewa. Mwaka 1978 vita vya Kagera vilitukuta shirika la reli la Afrika Mashariki limevunjika mwaka mmoja tu kabla, na Bukoba hakuna reli hata leo. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa nchi nzima kwenda mbele. Wananchi walijitolea kwa moyo, na ushindi ukapatikana. Lakini kujitolea kwa wananchi kusiwe ndiyo mpango wa ugavi.

La pili ni hizi geji. Tunayo reli ya zamani ya milimita 1,000, TAZARA ya 1,067, na reli ya kisasa ya 1,435. Kenya imejenga yake kutoka Mombasa, Tanzania kutoka Dar es Salaam, na hazijakutana popote. Sisemi mzibomoe. Nasema kila mahali mzigo unapohama kutoka reli moja kwenda nyingine, kama pale Kidatu, pawe na kreni zinazofanya kazi, yadi ya kutosha na watu waliofanya mazoezi, kwa sababu siku ya dharura foleni itaanzia hapo.

Na reli ya zamani msiiache ife. Mwaka 1916 hakukuwa na reli ya kuunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati; watu walitembea, na waliobeba walikufa. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kinachoziunganisha kilikuja kujengwa tu mwaka 1963. Kipande cha Voi, Taveta hadi Kahe, kilichotandikwa wakati wa vita vile, kililala kwa miaka mingi wakati ndicho kinachoziunganisha reli za zamani za nchi mbili. Kila anayefikiria kung'oa vyuma hivyo au kuviachia nyasi aeleze kwanza mzigo utapita wapi siku njia kuu ikikatika. Na inakatika. Mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 yaliifunga Reli ya Kati kwa miezi, bila adui yeyote. Treni za umeme za Dar es Salaam na Dodoma ni jambo la kujivunia, nami najivunia, lakini injini za dizeli ziwekwe tayari na madereva wake wasisahau kuziendesha, maana nguzo ya umeme ni rahisi kuangusha kuliko daraja.

Halafu raia. Katika mpango wowote wa dharura, mabehewa ya chakula cha wananchi wanaoishi kandokando ya njia yahesabiwe tangu mwanzo, yenye namba zake kwenye ratiba, yasiwe ya kuombwa baadaye. Jeshi likichukua nafaka Dodoma au Voi, nafaka nyingine iwe imekwisha kupakiwa kuja kuziba pengo. Watu wa Ugogo walilipa deni hili mara moja, inatosha.

Naomba pia vyuo vyenu vya kijeshi na vyuo vya reli viifundishe kampeni ya 1916 kwa jicho la ugavi, kwa ramani na kwa ile hesabu ya kilo 25. Ofisa kijana wa ugavi akijua Tanga, Kondoa, Msiha na Rufiji, ataweza kumwambia mkubwa wake "hapana, treni haijafika" akiwa na ushahidi mkononi. Maktaba zetu za kumbukumbu zina orodha na mafaili ya wapagazi wale. Vijana wapewe kazi ya kuyasoma na kuyachapisha, majina na vijiji, ili familia zijue watu wao walikwenda wapi.

Ninachosubiri kwenu si salamu za pongezi. Tuambieni wananchi kama utaratibu huo wa kuamuru treni upo, umesainiwa lini, na ni nani aliyepewa jukumu. Kama haupo, tuambieni utaandikwa lini. Wastaafu wa reli tupo Tabora, Morogoro, Tanga, Voi na Nairobi, na wengi wetu bado tunaweza kukaa mezani na maofisa wenu kupanga ratiba ya treni kwenye njia moja isiyo na simu. Tukiitwa tutakuja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa stesheni ya mizigo, Morogoro